Mpira Huanzia Miguuni

Mchezaji wa kikapu anayenyang'anywa mpira kila mara huambiwa akafanye mazoezi ya mikono. Anakwenda pembeni, anasimama, anadundisha mara mia kwa mkono wa kulia, mia kwa wa kushoto, anapitisha katikati ya miguu, anazungusha kiunoni. Baada ya mwezi vidole vyake vimekuwa vyepesi kweli. Kisha anaingia mchezoni, mkabaji anamsogelea, na mpira unapotea vilevile. Mikono haikuwa na kosa. Kilichomponza ni miguu iliyonyooka, au iliyobanana, au iliyochelewa nusu hatua nyuma ya mpira.

Mpira hufuata nyonga, na nyonga hufuata miguu. Ukilishika hilo, utaona kwamba karibu kila chenga unayoijua ni hatua fulani ya mguu ambayo mkono unaisindikiza. Hata kudundisha kwenyewe kulitokana na sheria ya miguu. James Naismith alipotunga kanuni 13 za mwanzo, Desemba 1891, mjini Springfield, Massachusetts, mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alipaswa kuurusha kutoka palepale alipoudakia. Kudundisha hakukutajwa. Kulikuja baadaye, wachezaji walipotafuta njia ya kuhama bila kuivunja kanuni hiyo.

Msimamo

Panua miguu kupita mabega, kwa kadiri ya upana wa unyayo mmoja. Kunja magoti, rudisha makalio nyuma kama unayetaka kukaa kwenye kigoda kifupi, kifua kibaki wazi na macho yatazame mbele. Uzito uwe kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, chini ya mzizi wa vidole, hasa upande wa kidole gumba. Kisigino kiguse sakafu kwa wepesi, kiasi kwamba karatasi ingeweza kupenya chini yake.

Kosa la kawaida hapa ni kukunja mgongo badala ya magoti. Kwa mbali mtu anaonekana yuko chini, lakini kichwa chake kimetangulia mbele ya vidole, macho yameangukia sakafuni, na akisukumwa kidogo anajikwaa. Kuna kipimo chepesi: mwombe mwenzako akusukume begani kwa kiganja, mara kwa upande, mara kwa mbele, mara kwa nyuma, bila kukuonya. Mguu ukihama, msimamo bado. Paja likianza kuwaka moto baada ya nusu dakika, hapo ndipo penyewe.

Faida ya kukaa chini ni ya wazi. Mpira unaodunda hadi kiunoni husafiri karibu mara mbili ya njia ya mpira unaoishia gotini, na muda wote huo uko nje ya mkono wako, mali ya yeyote atakayeuwahi. Mwenye magoti yaliyonyooka hawezi kudundisha chini bila kuinama, na akiinama haoni wenzake.

Mkabaji akiwa karibu, usisimame miguu sambamba. Mpira ukiwa mkono wa kulia, mguu wa kushoto utangulie kidogo, mkono wa kushoto uwe kama ngao mbele ya kifua, na mpira udunde kando ya mguu wa kulia au nyuma yake kidogo. Hapo mkabaji anayetaka kuuchukua lazima aupite mwili wako kwanza.

Mdundo na hatua

Mpira unaogonga kiatu chako mwenyewe hauna bahati mbaya yoyote ndani yake. Umeangushwa ndani ya mstari wa mguu. Wakati wa kutembea au kukimbia taratibu, mpira utue nje ya kidole kidogo cha mguu, umbali wa unyayo mmoja hivi. Ukiwa na nafasi mbele na unakimbia kwa kasi, usukume mbele yako mita 1 au zaidi na uache miguu iufuate. Hapo midundo michache ndiyo bora, kwa kuwa kila mdundo unapunguza mwendo.

Zoezi la kuoanisha vitu hivi viwili halihitaji chochote zaidi ya upana wa uwanja, ambao kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ni mita 15. Vuka kwa kutembea, mdundo mmoja kwa kila hatua. Rudi kwa mdundo mmoja kila hatua mbili. Vuka tena kwa mdundo mmoja kila hatua tatu. Hii ya tatu ndiyo yenye mafunzo. Kwa hesabu ya mbili, mpira huanguka na mguu uleule daima, na mwili huzoea upande mmoja. Kwa hesabu ya tatu, mpira huanguka mara na mguu wa kulia, mara na wa kushoto, na wengi hugundua hapo kwamba kuna mguu mmoja ambao hawajawahi kudundisha nao. Huo mguu ndio mkabaji mzuri atakaokulazimisha kuutumia. Fanya kwa kutembea mpaka isikusumbue, kisha kwa kukimbia polepole, kisha badilisha mkono.

Hatua ya kwanza

Hapa nitakaa kidogo, maana hatua ya kwanza ndiyo huamua kama umempita mtu au umemgonga.

Chukua mchezaji aliyepokea mpira na kusimama, hajadundisha bado, mguu wake wa kushoto ndio wa pivoti, yaani ule unaobaki palepale na kuzungukiwa. Ana njia mbili. Ya kwanza ni hatua ya wazi, kwenda kulia: mpira uko kando ya nyonga ya kulia, mguu wa kushoto unasukuma sakafu kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na mguu wa kulia unakwenda mbele ukipita karibu kabisa na mguu wa mkabaji, vidole vikielekea kikapuni. Bega la kushoto linashuka hadi usawa wa nyonga ya mkabaji. Mpira unasukumwa sakafuni mbele na nje ya mguu wa kulia.

Mpangilio wa wakati ni muhimu kuliko nguvu. Kwa kanuni za FIBA, anayeanza kudundisha kutoka kusimama lazima mpira uwe umetoka mkononi kabla mguu wa pivoti haujainuka. Si lazima uwe umegusa sakafu; inatosha uwe umeachiwa. Wachezaji wengi wanaopulizwa kwa kutembea na mpira, yaani kuhama nao kinyume cha kanuni, hawajakosea mguu kabisa, wamechelewesha mkono. Wanajivuta nyuma ili wapate nguvu, wanaanza kuruka mbele, na mpira unatoka wakati kisigino, unyayo na vidole vya pivoti vimeshaondoka. Dawa ni kuuweka mpira chini karibu na goti tangu mwanzo, ili safari yake hadi kutoka mkononi iwe fupi.

Urefu wa hatua hiyo uwe kama nyayo zako tatu. Ikiwa fupi, mkabaji bado yuko mbele yako na sasa umekwisha kutumia hila yako. Ikiwa ndefu mno, unatua kwa kisigino huku nyonga zimebaki nyuma, na mguu uliotaka ukupeleke mbele unakuwa breki. Tazama goti wakati unatua: likiwa juu ya vidole na muundi umeinama mbele, hatua ni sahihi. Likiwa nyuma ya kisigino, punguza.

Njia ya pili ni hatua ya kuvuka, kwenda kushoto kwa pivoti ileile. Mguu wa kulia unavuka mbele ya mwili kwenda kushoto, mpira unafagiwa chini ya magoti kutoka kulia hadi kushoto, na mkono wa kushoto ndio unaodundisha. Uzuri wake ni kwamba mguu na bega la kulia vinakuwa ukuta kati ya mkabaji na mpira. Ubaya wake ni pivoti inayoteleza. Mguu wa kushoto unaruhusiwa kujizungusha palepale juu ya sehemu ya mbele ya unyayo, lakini mwili unapofunguka kwenda kushoto mguu nao hutaka kuburutwa. Chora duara dogo kwa chaki kuzunguka vidole vya pivoti na ufanye mara kumi; ukikuta chaki imefutika upande mmoja, unaburuta.

Kabla ya njia zote mbili kuna hatua ya kuchokoza: mguu huru unatupwa mbele sentimita 20 hadi 30, unagusa, unarudi. Iwe fupi na ya ghafla. Uzito ubaki kwenye pivoti. Anayechokoza kwa hatua ndefu huhamisha uzito wake wote mbele, na akitaka kuondoka inabidi aurudishe kwanza. Mkabaji ameshapata muda wa kujipanga. Mtazame mkabaji miguuni. Akirudi nyuma kwa chokozi lako, una nafasi ya kurusha. Akibaki palepale, mguu huo huo uliochokoza unaongeza nusu hatua na kuondoka.

Kuna hoja moja ambayo makocha hawakubaliani: ile hatua ndogo ya kurudi nyuma ambayo mtu huifanya bila kujua kabla ya kuchomoka. Ukiwa hujadundisha, iache kabisa, kwa sababu ukirudisha mguu wa pivoti ni kosa la kutembea. Lakini ukiwa tayari unadundisha, siioni kuwa dhambi. Mguu ukirudi nyuma ya nyonga kidogo, unapata pembe ya kuisukuma sakafu kwenda mbele, mradi iwe fupi na ya haraka.

Krosova, polepole kabisa

Krosova ni kuhamisha mpira mbele ya mwili kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Huo ndio ufafanuzi wa mikono. Ufafanuzi wa miguu ni huu: kumshawishi mkabaji kwamba mguu wako wa nje umeshika njia, kisha kuutumia mguu huohuo kusukumia upande wa pili.

Mpira uko kulia. Nenda kulia kwa dhati, kichwa, bega na mguu kwa pamoja. Mguu wa kulia unatua mbali nje ya bega, upana kama mara moja na nusu ya mabega, sehemu ya ndani ya unyayo ikiuma sakafu na vidole vikitazama mbele. Wakati huohuo mpira unafika mwisho wa upana wake nje ya goti la kulia, mkono ukiwa juu na kando ya mpira. Mguu na mpira vifike pamoja. Kisha goti la kulia linakandamiza, sakafu inasukumwa, na mkono unaupiga mpira kushoto chini ya usawa wa magoti. Mpira unagusa sakafu kati ya miguu, karibu kidogo na upande unaokwenda, na mkono wa kushoto unaukuta nje ya goti la kushoto, kiganja kikiwa kimeshageukia mbele. Mguu wa kushoto unafunguka kuelekea njia mpya, au mguu wa kulia unavuka mbele. Vyote ni sawa, ila kuvuka kunakupa ukuta wa bega.

Sasa tazama yanayoharibika. Mguu wa kulia ukitua chini ya mwili badala ya nje, hakuna cha kusukumia. Mpira unahama, mwili unabaki, na mkabaji anakuta mpira umeletwa mbele yake kama zawadi. Mguu ukitua baada ya mpira kuondoka, ni hivyohivyo. Vidole vikielekezwa nje sana, goti huangukia ndani, nguvu hupotea, na goti hilo halitakushukuru mwishoni mwa msimu. Mpira ukipita juu ya goti, unapita palepale mkono wa mkabaji ulipo. Na nyonga zikiinuka katikati ya kitendo, kama inavyotokea kwa wengi wanaojiandaa kukimbia, unalazimika kushuka tena kabla ya kuondoka, na hapo umepoteza hatua nzima.

Ukubwa wa krosova nao una maana yake. Tarehe 12 Machi 1997, Allen Iverson, msimu wake wa kwanza NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, na timu ya Philadelphia 76ers, alipambana na Michael Jordan juu ya eneo la mitupo huru. Alitangulia na krosova ndogo, ya kupima tu. Jordan akaitikia. Iverson akaja na ya pili, pana na ya chini, akapata nafasi na kufunga. Ukiitazama tena, yaache macho kwenye viatu vyake: ile ya kwanza miguu haikwenda popote, ya pili mguu wa nje umetupwa mbali. Jordan aliufikisha mkono karibu na mpira, lakini miguu yake ilikuwa imeshachelewa.

Chenga nyingine, kwa ufupi

Kusita ni kupunguza mwendo ghafla ili mkabaji anyooke, kisha kuondoka. Mguu wa mbele unatua kwa wepesi, mabega na macho yanainuka kama unayetaka kurusha au kutoa pasi, mpira unapanda hadi kiunoni. Nyonga hazipandi. Hilo ndilo la kuchunga, kwa sababu anayeinuka mwili mzima amejisitisha mwenyewe. Mguu wa nyuma ubaki umekunjwa, kisigino juu, tayari. Angalia pia kiganja kisiingie chini ya mpira ukatulia humo, refa atapuliza.

Chenga ya ndani-nje inafanana na krosova kwa nje, lakini mguu unaodanganya ni mwingine. Mpira ukiwa kulia, mguu wa kushoto ndio unaopiga hatua kwenda kushoto wakati mkono unauvuta mpira ndani. Kisha mguu huohuo wa kushoto unasukuma na mpira unatoka kulia tena. Wanaopiga hatua kwa mguu wa kulia hapa hujikuta hawana mguu wa kusukumia, na chenga inakufa palepale.

Kupitisha katikati ya miguu: mpira ukitoka kulia, mguu wa kushoto uwe mbele. Uwazi kati ya mguu wa mbele na wa nyuma uwe nyayo mbili hadi tatu, nyonga zishuke, na mpira upige sakafu katikati kabisa ya uwazi huo. Mpira unaogonga kisigino cha mbele umerushwa mapema, kabla mguu haujafika. Usiinue goti ili kuupisha mpira. Kushuka ndiko kunakofungua njia.

Kuzunguka kwa mgongo kunahitaji mkabaji aliyekaa upande wa mpira wako. Ukidundisha kulia, mguu wa kushoto unapandwa mbele, karibu na katikati ya miguu yake. Unazunguka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo huo, mguu wa kulia unafagia nyuma na kutua ukielekea kikapuni. Mpira unavutwa na mkono uleule wa kulia, karibu na nyonga, mpaka umemaliza kugeuka. Ndipo unahamia kushoto. Anayebadili mkono katikati ya mzunguko huuacha mpira nyuma ya mgongo wake, mahali asipouona na wengine wanapouona. Kichwa kitangulie kugeuka kabla ya mabega.

Halafu kuna kurudi nyuma, ambako hakusifiwi na mtu lakini kunaokoa mashambulizi mengi kuliko chenga zote hizo. Wakabaji wawili wanakujia, pembe imefungwa. Geuka ubavu, mpira uende kwenye nyonga ya nyuma, mguu wa mbele usukume, na urudi kwa hatua mbili za kuteleza bila miguu kugusana wala kupishana. Hatua mbili zinatosha kuona nani yuko huru. Miguu ikipishana wakati wa kurudi, guso dogo tu linakuangusha.

Kusimama

Wachezaji hufanya mazoezi ya kuondoka na kusahau kusimama. Anayeweza kusimama ghafla anaweza kubadili mwendo ghafla. Ni misuli ileile na mpangilio uleule. Breki haipigwi kwenye hatua ya mwisho. Inapigwa kwenye hatua ya kabla ya mwisho: hapo nyonga zinashuka, hatua inafupishwa, unyayo unagusa kuanzia kisigino hadi vidole. Hatua ya mwisho inafika tu kukusawazisha. Anayetegemea hatua ya mwisho pekee utamwona akiteleza, akiongeza kijihatua cha tatu, na refa akiinua mikono.

Kanuni za FIBA zilibadilika Oktoba 2017 na bado kuna wanaocheza kwa hesabu ya zamani. Mchezaji anayepokea mpira akiwa mwendoni, au anayemaliza kudundisha, anaruhusiwa hatua mbili za kusimama, kutoa pasi au kurusha. Hatua ya kwanza huhesabiwa mguu unapogusa sakafu baada ya kuumiliki mpira. Mguu uliokuwa tayari chini wakati wa kuumiliki hauhesabiwi. Aliyepokea mwendoni akitaka kuendelea kwa kudundisha, mpira utoke mkononi kabla ya hatua ya pili.

Ukiumiliki mpira na kutua kwa miguu miwili pamoja kama hatua yako ya kwanza, unaweza kuchagua pivoti yoyote. Ndiyo maana napendelea wanaoanza wajifunze kutua hivi: kunawaachia milango miwili wazi. Ukitua kwa kulia kisha kushoto, pivoti yako ni ule uliotangulia peke yake. Na ukiruka kutoka kwenye mguu mmoja wa hatua ya kwanza ukatua kwa miwili kama hatua ya pili, huna tena pivoti. Rusha au toa pasi, usigeuke. Hili la mwisho huwakamata hata waliocheza miaka mingi.

Katika kutua kwa miguu miwili, usiruke juu. Paa chini, kama unayevuka kidimbwi kidogo cha maji, miguu itue kwa sauti moja. Ukisikia sauti mbili, refa naye amezisikia.

Mazoezi yenyewe

Pasha mwili dakika 8 hadi 10 kwanza, pamoja na kuinuka kwa vidole mara 15 kwa seti mbili na kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30 kila upande. Vifundo vya miguu visivyoamka havitakubali kupandwa nje ya bega.

Anza bila mpira. Bandika vipande viwili vya utepe sakafuni, umbali wa mita 2 na nusu. Teleza kutoka kimoja hadi kingine ukiwa chini, sekunde 20, pumzika 40, mara nne. Mguu wa nyuma ndio usukume. Anayetanguliza mguu wa mbele kama anayetafuta ngazi gizani hana kasi. Kisha chukua mpira na urudie, seti mbili kwa kila mkono.

Hatua ya kwanza: simama kwenye mstari wa pointi tatu, weka kiti mbele yako umbali wa hatua moja. Hatua ya wazi mara 5, ya kuvuka mara 5, kisha badili pivoti na urudie, jumla 20. Baada ya mdundo mmoja, simama kwa miguu miwili na utazame umefika wapi. Mstari huo uko mita 6.75 kutoka kikapuni, kwa hiyo lengo zuri ni kuufikisha mpira hadi lei-apu, mtupo wa karibu na kikapu mwishoni mwa mbio, kwa midundo miwili. Ukihitaji minne, hatua zako ni fupi.

Krosova: koni tano kwa mtindo wa zigizaga, umbali wa mita 3 hadi 4 kati yao. Kwenye kila koni mguu wa nje upandwe, uhesabu moyoni "mguu na mpira", uondoke. Duru 6, pumzika mpaka pumzi irudi. Ukianza kuona miguu inatua chini ya mwili, acha. Kuendelea hapo ni kujifundisha kosa.

Kusimama: kimbia na mpira kutoka mstari wa pembeni hadi wa pili, mwenzako apige kofi wakati wowote, utue kwa miguu miwili. Mara 8, kila mkono mara 4.

Yote haya ni kama dakika 25, mara tatu kwa wiki, na yafanywe mwanzoni mwa mazoezi wakati miguu ingali na nguvu. Wengi huyaweka mwishoni, na hapo miguu iliyochoka inajifunza kuchelewa. Kabla ya kila zoezi futa soli kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, maana vumbi jembamba linatosha kuuharibu mguu wa nje. Soli iliyolainika chini ya kidole gumba haitauma tena hata ukiifuta.

Simu ni kocha mzuri ikiwekwa mahali sahihi. Ilaze chini, iegemee chupa, mita 3 mbele yako, na upige video ya mwendo wa polepole ya krosova tano. Isimamishe pale mpira unapotoka mkononi. Tazama kwanza kama mguu wa nje umeshakanyaga, kisha kama uko nje ya bega, kisha kama kiuno kiko usawa uleule uliokuwapo kabla ya chenga. Rudia kwa upande wa pili, kwa sababu karibu kila mchezaji ana upande mmoja ambako mguu unawahi na mwingine ambako mpira unautangulia. Huo wa pili upewe duru mbili za ziada kwenye koni wiki inayofuata, kisha upigwe video tena.